Jinsi ya kuchagua kazi za sanaa za kupeleka kwenye maonesho yako ya kwanza yenye mchujo

Naanza na kosa langu ili wewe usilirudie. Mara ya kwanza kuomba maonesho ya mchujo, yale ambayo jopo la majaji linapitia kazi za watu wote afu linaamua nani aingie, nilituma kazi tatu: sura ya mzee kwa mkaa, mandhari ya rangi za akriliki, na abstrakti (mchoro wa rangi na maumbo tu, hauoneshi kitu halisi) moja kubwa hivi niliyokuwa naipenda kuliko zote. Nilijiona mjanja, nawaonesha kwamba huyu mtu anaweza kila kitu. Zikakataliwa zote.

Baadaye nikabahatika kukaa chumbani majaji wakichuja maonesho mengine kabisa, kazi yangu ilikuwa kubofya tu picha inayofuata, na hapo ndo nikapata akili. Ule mzunguko wa kwanza picha inakaa kwenye skrini sekunde chache tu, jina lako halipo, maelezo yako hayasomwi, na wanachokiangalia sio mchoro wako, ni picha ya mchoro wako. Kwa hiyo unapochagua, chagua ukijua hilo.

Hatua ya 1: Soma masharti kabla hujagusa kazi hata moja

Chukua kalamu, soma tangazo lao mara mbili. Tafuta: kazi iwe imemalizika mwaka gani (wengi wanataka za miaka 2 au 3 ya karibuni), ukubwa wa mwisho, aina ya kazi wanazopokea, unaruhusiwa ngapi, na kama kazi uliyofanyia darasani chini ya mwalimu inakubalika, maana sehemu nyingi hawazitaki. Na ile ya kuchora kutoka kwenye picha ya mtu mwingine uliyoitoa intaneti, hiyo iache nyumbani hata kama imekutoka vizuri kiasi gani, wengi wanaihesabu si kazi yako halisi na wakigundua wanakutoa.

Kwenye ukubwa watu wanaumia sana. Mara nyingi kipimo wanachotaka ni pamoja na fremu, wewe umepima kanvasi peke yake. Na kawaida unaandika urefu wa kwenda juu kwanza, afu upana, afu kina kama kazi ina kina. Ukigeuza, kazi ya kusimama inasomeka kama ya kulala.

Zisizotimiza masharti zitoe sasa hivi kabla hujaanza kuzionea huruma.

Hatua ya 2: Zipige picha zote kwa simu, uziangalie zikiwa ndogo

Sio picha za kutuma hizi, za kuchujia tu. Ziweke kwenye simu zikiwa ndogo kama stempu halafu ziangalie zote kwa pamoja. Zipo kazi ambazo ukisimama mbele yake zinakushika, ila zikiwa ndogo zinageuka uji, hasa zile ambazo uzuri wake wote uko kwenye unene wa rangi au kwenye vimistari vidogo vidogo. Zigeuze pia kuwa nyeusi na nyeupe. Ikiwa giza na mwanga havijaachana, kila kitu ni kijivu kimoja, ujue kwenye skrini ya majaji itapita bila mtu kushtuka.

Simaanishi kazi hizo ni mbaya jamani. Nyingine nimeziuza kwa watu walioziona kwa macho yao. Ila mlango wa kuingilia hapa ni picha, na zenyewe kwenye picha hazitoki.

Hatua ya 3: Tafuta ndugu

Hapa kaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Kama wanapokea zaidi ya kazi moja, sehemu nyingi majaji wanaziona za mtu mmoja zikiwa pamoja au zinafuatana, na wanachotafuta ni mkono mmoja. Mkono mmoja sio lazima mada iwe moja. Unaweza ukawa na kiti, mama anayefua na mti, bado mtu akaona wametoka kwa fundi mmoja kwa jinsi rangi zinavyokaa, mwanga unavyoingia, brashi inavyotembea. Vilevile unaweza ukawa na maua matatu yanayoonekana yamechorwa na watu watatu.

Jaribio langu ni hili: funika sahihi, mwite mtu asiyejua kazi zako (sio mpenzi wako, sio mama yako, hao watakusifia tu), muulize hizi kafanya mtu mmoja au wawili? Usimweleze kitu. Akisita, kuna moja ni mgeni kwenye hiyo familia, itoe hata kama ndo kali kuliko zote. Mimi hapo ndo nilipoteleza, ile sura ya mzee peke yake pengine ingepita, ila pembeni yake kulikuwa na mandhari na ile abstrakti, jaji anajiuliza huyu ni nani hasa.

Na kama wanaruhusu mpaka tatu na wewe una mbili nzuri, tuma mbili, labda kama fomu inalazimisha idadi kamili. Ya tatu dhaifu inazishusha wenzake.

Hatua ya 4: Toa ile unayoipenda kwa sababu ya hadithi yake

Kila mtu anayo. Ile uliyochora kipindi kigumu, au iliyokuchukua miezi minne. Jaji haoni miezi minne, anaona kilichopo. Jiulize tu, ningeikuta imechorwa na mtu nisiyemjua ningesimama? Basi.

Hatua ya 5: Sasa piga picha za kutuma

Mwanga uwe sawa kote, na flashi izime. Nje siku ya mawingu inatosha, ndani tumia taa mbili zinazofanana, moja kila upande, ziiangalie kazi kwa nyuzi kama 45. Kamera ikae kwenye stendi, usawa wa katikati ya kazi, isiinamie popote, la sivyo kingo zinakuwa za mshazari. Yenye kioo, piga kabla hujaweka kioo. Kata picha ibaki kazi tupu, usituache tunaona ukuta na kidole chako cha mguu. Sanamu na vyungu viweke mbele ya rangi moja tulivu, kijivu ni salama. Rangi usiziongezee ukali kwenye programu, kazi ikifika mkononi mwao haifanani na picha wanaweza kuikataa pale pale.

Mambo ya pikseli, aina ya faili na jinsi ya kuandika jina la faili, fuata walivyosema wao, herufi kwa herufi.

Hatua ya 6: Hakikisha hiyo kazi itakuwepo

Ulichotuma ndicho utakachopeleka, kubadilisha baadaye kwa kawaida hairuhusiwi. Niliwahi kuuza kazi wakati jopo bado linakaa, ikachaguliwa, nikaanza kumbembeleza mnunuzi aniazime, aibu tupu. Kwa hiyo iwe ipo, imekauka (rangi ya mafuta inachukua muda, usijidanganye), ina fremu au kingo safi, nyuma ina waya imara wa kuning'inizia. Bei iandike mapema ukikumbuka waandaaji mara nyingi wanakata asilimia yao mauzo yakitokea.

Ukikataliwa, kumbuka hili: majaji wa maonesho makubwa ya Paris mwaka 1863 walikataa kazi nyingi kiasi kwamba malalamiko yalimfikia mfalme mkuu wa Ufaransa, Napoleon III, akaagiza zilizokataliwa zioneshwe kivyake, na humo ndani walikuwemo Manet na Pissarro, wachoraji ambao leo ni maarufu duniani. Nakwambia hivyo sio kwamba wewe ni Manet, ila jopo ni watu wachache siku moja. Kazi hizo hizo mimi nimezituma kwingine zikaingia.

Ndo maana weka daftari: kazi gani, umeituma wapi, maonesho yanaanza na kuisha lini. Usitume kazi moja sehemu mbili ambazo tarehe zinagongana, maana siku sehemu zote mbili zikikukubali utatafuta pa kujificha.