Saa saba za tiketi, saa tatu za kutembea: kupanga matembezi ya bandarini ukitokea Dodoma

Kikundi chetu cha vikoba hapa Chang'ombe, Dodoma, kina watu 16. Tulipoamua mara ya kwanza kwenda pwani, 11 kati yetu walikuwa hawajaiona bahari kwa macho yao, wakiwamo wazee wawili waliovuka miaka 70. Mimi ni katibu, na nilifundisha shule ya msingi miaka 31, kwa hiyo mipango nikaachiwa mimi. Tangu hapo nimeongoza safari tatu za boti, na nimeona kwamba safari hizi haziharibikii majini. Majini kuna nahodha. Zinaharibikia nchi kavu, katika zile saa chache mnazoshuka kabla boti haijaondoka tena, maana huko nahodha ni wewe uliyepanga.

Safari ya kwanza niliiharibu mimi. Tulipanda boti ya saa 1:00 asubuhi Dar es Salaam, tukafika Unguja kama saa 3:00, na tiketi za kurudi zilikuwa za saa 10:00 jioni. Nikahesabu saa saba. Nikapanga kanisa la Mkunazini, Ngome Kongwe, soko la Darajani, kisha mashua mbili hadi kisiwa cha Changuu kuwaona kobe wakubwa waliotoka Shelisheli. Yote hayo kwa siku moja, na wazee. Mashua yetu ya pili iliporudi mjini, maji yalikuwa yamekupwa. Wakati wa kwenda tulipandia karibu kabisa na ukuta. Sasa mashua ikasimama mbali, na katikati pakawa na mchanga, matope na mwani unaoteleza. Tukavuka kwa miguu, mzee mmoja kabebwa mgongoni. Tulipofika bandarini lango la abiria limeshafungwa. Saba wa mashua ya kwanza walikuwa ndani, tisa tumebaki nje, na dawa za presha za mama mmoja zilikuwa kwenye begi lililoondoka na boti. Dawa tulinunua nyingine, tukalala nyumba ya wageni, na fedha ya akiba ikaishia pale. Sikupata usingizi usiku ule.

Tangu siku hiyo napanga nikianzia mwisho. Chukua daftari, andika juu kabisa saa ambayo boti inaondoka, halafu rudi nyuma hatua kwa hatua. Ukurasa wangu wa Unguja sasa uko hivi. Boti, saa 10:00 jioni. Kuwa langoni saa 9:00, kwa kuwa kuna foleni, vitambulisho na ukaguzi wa mizigo. Nusu saa ya dharura, inakuwa 8:30. Kutembea hadi bandarini kwa mwendo wa yule mwenye goti bovu kuliko wote, nusu saa nyingine, inakuwa 8:00. Chakula cha mchana, swala ya adhuhuri kwa Waislamu wetu, na choo, saa moja na robo, inakuwa 6:45. Sasa rudi mwanzo wa siku. Boti inafika saa 3:00. Kushuka, kukusanya mizigo, kuhesabu watu na kunywa chai ni dakika 45. Matembezi yenyewe basi ni kuanzia saa 3:45 asubuhi hadi saa 6:45 mchana. Zile saa saba zimebaki tatu.

Katika saa tatu weka mahali pawili. Ukiona nafasi ya pa tatu, paache pawe pa kukaa tu na kupumzika. Najua inauma, hasa mtu akiwaza nauli aliyolipa kutoka Dodoma, lakini mzee aliyekaa nusu saa kwenye kivuli akitazama majahazi anarudi nyumbani na hadithi, na mzee aliyekimbizwa sehemu tano anarudi na miguu iliyovimba.

Angalia pia namna saa zilivyoandikwa. Tiketi nyingi hutumia saa 24, na nimeshuhudia kijana wetu akisoma 15:30 akatutangazia kwenye WhatsApp kwamba ni saa 3:30. Kwa saa za mchana toa 6 tu: 15:30 ni saa 9:30 alasiri, 16:00 ni saa 10:00 jioni. Mimi naandika upya kila tiketi kwa kalamu, kwa saa zetu, kabla sijaigawa.

Jambo la pili ni maji yenyewe, na hapa sisi wa Ugogo tunahitaji kufundishwa. Tunajua maji yanayokauka: korongo likikauka unachimba mchanga mpaka yachuruzike. Safari ya pili, pale ufukweni Unguja, bibi mmoja wa Mvumi aliona bahari imerudi nyuma hatua mia na zaidi. Akasimama kimya. Kisha akapiga magoti, akafunga khanga vizuri, akaanza kuchimba mchanga kwa viganja viwili kama anavyochimba korongoni. Shimo halijafika kiwiko maji yakatokea. Akachota, akaonja, akatema. "Ni yaleyale ya chumvi," akasema, "kwa hiyo hayajaondoka, yamejificha." Nimefundisha Maarifa ya Jamii miaka mingi na sijawahi kumwona mwanafunzi akichunguza jambo namna ile.

Kwa kupanga, unachohitaji kujua ni hiki. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na majira hayo husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti yake pwani yetu inaweza kuzidi mita 3. Siku za nusu mwezi ni maji mafu, yanasogea kidogo. Wakati wa bamvua Unguja, maji kwa kawaida yanakuwa chini kabisa majira ya saa 4 au 5 asubuhi, na yanajaa majira ya saa 10 jioni. Kwa hiyo kabla ya kutaja tarehe kwenye mkutano, natazama kalenda ya mwezi. Ukitaka kwenda fungu la mchanga la Nakupenda, nenda maji yakiwa yamekupwa, maana yakijaa fungu lote linafunikwa. Ukiwa na wazee wa kupanda na kushuka mashua, tafuta saa ambazo maji yako juu.

Halafu muulize nahodha wa mashua, na umuulize kuhusu kurudi, kwa kuwa habari za kwenda atakueleza mwenyewe. Mwaka jana mazungumzo yalikuwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo maji yanapwa saa ngapi?"

"Saa nane hivi, mama."

"Na tukirudi saa hiyo nane utatushusha wapi?"

Akatazama wazee wangu, akatazama ufukwe. "Mbali kidogo. Mtavua viatu."

"Tukirudi saa sita je?"

"Saa sita nawafikisha karibu na ukuta."

Tukakubaliana saa tano na nusu. Bei mkubaliane ya mashua nzima, kwenda na kurudi, pamoja na muda wa kusubiri. Lipa nusu mkiondoka na nusu mkishafika. Jaketi za kuokolea maisha zihesabiwe mbele yako, moja kwa kila kichwa, na zivaliwe. Zikipungua hata moja, msipande.

Kuhusu miezi, pwani inaongozwa na pepo mbili. Kaskazi inavuma takriban Desemba hadi Machi, kusi inaanza Aprili au Mei na kuendelea hadi Septemba, na kusi ikikolea kati ya Juni na Agosti bahari inachafuka. Masika yake ni Machi hadi Mei. Sisi tunakwenda mwisho wa Septemba au Oktoba: kusi imelegea, na wenye mashamba ya zabibu wameshauza mavuno ya Agosti na Septemba, hivyo michango inakamilika. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi baharini. Ufuatilie wiki ileile ya safari. Wenye kuchafukwa na tumbo wanywe dawa kabla ya kupanda, wasikisubiri kichefuchefu kianze. Wakae katikati ya boti, chini, watazame mbali, na tangawizi mbichi ya kutafuna inasaidia. Ukitoka Unguja kwenda Pemba, mkondo wa Nungwi utawatikisa hata siku njema, kwa hiyo chakula kiwe chepesi.

Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam mambo yamekuwa mepesi tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria wa Dodoma tarehe 25 Julai 2024. Hata hivyo, usiunganishe treni na boti siku moja. Laleni Dar. Tiketi za boti zikatwe kwa majina yaliyo kwenye kitambulisho cha taifa, herufi kwa herufi. Watu wawekwe wawiliwawili, na mtu mmoja mtulivu awe mkia, yaani hakuna anayebaki nyuma yake. Dawa hazikai kwenye begi kubwa, zinakaa mwilini mwa mwenyewe. Mabega na magoti yafunikwe mjini Unguja na Pemba. Khanga moja inatosha. Mkienda Ramadhani, jueni migahawa mingi imefungwa mchana. Bandarini mtapokewa na papasi, yaani vijana wanaowinda wageni, wakitaka kuwaongoza. Wajibuni kwa heshima na mpite, kama mna mtembeza wageni mliyekwisha kupatana naye.

Sasa mahali penyewe: Unguja, Pemba, na mwisho Tanga, ambako mnaiacha boti na kurudi Dodoma kwa basi. Unguja, kabla ya yote, wapelekeni wakaguse maji. Niliwahi kuanza na majengo, na kila nilipoeleza jambo macho yalikuwa baharini. Wakishalowa miguu, wanasikiliza.

Kisha Mkunazini, na hapa msikae chini ya saa moja. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na kanisa la Anglikana likajengwa palepale. Kwa mtu wa Dodoma hii si historia ya watu wa mbali. Misafara ya pembe na watumwa kutoka Tabora na Ujiji ilipita katikati ya Ugogo, ikilipa hongo kwa watemi wetu ili ipate maji na njia, ikapumzika Mpwapwa, ikateremka hadi Bagamoyo, na kutoka Bagamoyo watu wakavushwa hadi Unguja. Naeleza njia hiyo tukiwa bado kwenye treni, dirishani, tukipita nchi kavu ileile, ili tukifika Mkunazini nisiwe na haja ya kusema mengi. Kwenye vyumba vya chini ya ardhi vilivyopo pale, waliochoka wabaki juu; ngazi na dari ya chini vinawasumbua wazee. Baada ya hapo tembeeni polepole hadi Forodhani. Beit-el-Ajaib, jumba la kale la sultani lililo hapo, sisi tuliliona kwa nje tu. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Pemba mnashukia Mkoani, na kosa la wengi ni kutaka kufika msitu wa Ngezi kuwaona popo wakubwa wa Pemba. Ngezi iko kaskazini kabisa na Mkoani iko kusini. Kwa saa chache mtaona barabara tu. Kodini Noah hadi Chake Chake, kama kilomita 30 za vilima na minazi. Mkikuta msimu wa karafuu, zitakuwa zimeanikwa kwenye mikeka kando ya barabara, na harufu inaingia garini hata vioo vikiwa vimefungwa. Karafuu ghafi msinunue njiani mkabeba: biashara yake inasimamiwa na serikali kupitia Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), na magendo ya karafuu ni kosa kubwa kule. Nunueni mafuta yake dukani, kwa risiti. Pale Wawi, karibu na Chake Chake, kuna kiwanda kinachokamua mafuta kutoka kwenye makonyo, yaani vijiti vya karafuu, na ukiomba ruhusa mapema unaweza kupeleka kikundi.

Tanga tunagawanyika timu mbili. Wenye miguu wanakwenda mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini mwa mji, wakiwa na viatu vya kufunga kamba na tochi ya kila mtu, si ya simu. Kuna mahali pa kuinama na kuna popo, na ndani hakuna mwanga wowote. Wazee wanakwenda Raskazone kukaa juu ya bahari, na kundi la kwanza linawakuta huko na samaki wa kukaanga. Magofu ya Tongoni, upande wa Pangani, ni mazuri sana kwa wanaopenda makaburi ya kale, lakini yako upande wa pili wa mji, chagueni kimoja.

Usiku wa mwisho mnalala Tanga. Mabasi ya masafa marefu huondoka alfajiri, na kupitia Segera, Chalinze na Morogoro hadi Dodoma ni siku nzima. Kateni tiketi za basi siku mnayoshuka kwenye boti, kabla hamjaenda Amboni, na mpeleke mtu mmoja tu kituoni; wengine wasikae kwenye foleni wakipoteza saa zao tatu.