Kubadilisha Sensa ya Presha ya Oili Katika Gari la Zamani

Ile taa nyekundu ya dashibodi yenye umbo la birika linalodondosha tone ikiwaka huku injini inaunguruma, ina maana mbili za kufikiriwa kwanza: ama presha ya oili imeshuka kweli, ama sensa inayoipima imekufa. Katika gari lililokwisha kula miaka mingi barabarani, sensa hufa mara kwa mara, na kwa kuwa ni kifaa cha bei ndogo, watu wengi hukimbilia kuibadilisha kabla ya kupima chochote. Kasoro ya haraka hiyo ni kwamba presha ikiwa kweli haipo, beringi za krenkishafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) zinaweza kuharibika ndani ya dakika chache. Kwa hiyo taa ikiwaka, zima injini hapo hapo, subiri dakika kadhaa oili ishuke kwenye sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, kisha chomoa kijiti cha kupimia na utazame kiwango chake. Oili ikiwa chini ya alama ya kiwango cha chini, ongeza kwanza. Huenda usihitaji kugusa sensa kabisa.

Kabla ya kununua kifaa kipya, jua gari lako linatumia cha aina gani. Magari yenye taa peke yake hutumia swichi: ndani yake mna kiwambo chembamba ambacho, presha inapofika takriban bar 0.2 hadi 0.5 (bar ni kipimo cha presha), husukumwa na kuachanisha mguso wa umeme, na taa ikazimika. Magari yenye geji ya mshale hutumia sensa ambayo ukinzani wake wa umeme hubadilika kadiri presha inavyopanda na kushuka, na kwa kawaida umbo lake ni kubwa zaidi, kama kikopo kidogo. Hivi viwili havibadilishani nafasi, hata kama hesi zake, yaani meno ya kufungia kama ya skrubu, zinaingia tundu moja. Kuna pia magari yenye swichi mbili. Volkswagen kadhaa za miaka ya 1980, kwa mfano, zina moja ya bar 0.3 na nyingine ya bar 1.8, na hiyo ya pili hufanya kazi kinyume, yaani hukutanisha mguso presha inapopanda. Vipimo ninavyoeleza hapa chini ni vya swichi ya kawaida ya taa, ambayo nitaendelea kuiita sensa.

Washa swichi ya ufunguo wa gari bila kupiga stata. Taa inapaswa kuwaka. Chomoa waya kwenye sensa, na taa inapaswa kuzimika. Isipozimika, waya umechunika mahali fulani na unagusa chuma, hivyo sensa mpya haitakusaidia. Baada ya hapo gusisha ncha ya waya kwenye chuma safi cha injini: taa ikiwaka, waya na balbu ni vizima. Kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme), pima kati ya ncha ya sensa na mwili wake: injini ikiwa imezimwa ukinzani uwe karibu na sufuri, na injini ikiwaka njia iwe imekatika. Vipimo hivi, hata hivyo, haviwezi kukuambia iwapo sensa inayoonyesha kwamba presha haipo inasema kweli au inadanganya. Jibu la uhakika hutolewa na geji ya mkono inayofungwa kwenye tundu lile lile la sensa. Injini ikishapata joto, mafundi wengi hukadiria bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, ingawa kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Geji ikionyesha presha nzuri huku taa ikiendelea kuwaka, hapo una sababu ya kununua sensa.

Dalili moja haihitaji geji. Nilipochomoa plagi ya sensa kwenye gari langu, oili ilichuruzika kutoka ndani ya plagi yenyewe, wala si kwenye hesi za sensa. Kiwambo kilikuwa kimepasuka, na presha ya injini ilikuwa ikiisukuma oili kupitia katikati ya sensa hadi ndani ya ala ya waya. Ukikuta hali hiyo, sensa haina maisha tena, na plagi isafishwe kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme kabla ya kuirudisha.

Sensa mara nyingi hukaa kwenye bloku karibu na filta ya oili, na katika baadhi ya injini huwa nyuma ya silinda hedi. Fuata waya mmoja mwembamba unaoingia kwenye kifaa cha pembe sita na utaifikia. Acha injini ipoe, egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, na ufungue tamino hasi ya betri. Kama lazima uingie chini ya gari, liegemeze kwenye stendi imara. Jeki peke yake haitoshi. Safisha vizuri eneo linalozunguka sensa kwa brashi na kitambaa, kwa sababu mchanga ukiingia kwenye tundu lile unaingia moja kwa moja kwenye njia ya oili.

Plagi za plastiki za magari ya zamani hukauka na kuwa kama biskuti. Bonyeza kibanio chake taratibu kwa bisibisi ndogo, kisha vuta plagi yenyewe, usivute waya. Tumia soketi ndefu inayoitosha sensa barabara. Spana ya mdomo wazi hupenda kuteleza na kula pembe. Sensa ikigoma, pulizia dawa ya kulainisha kutu, ngoja nusu saa, halafu jaribu tena kwa nguvu ya polepole. Weka kitambaa chini yake, maana oili kidogo itadondoka.

Sasa linganisha kipya na cha zamani kwa makini, na hapa usione haya kupoteza muda. Magari mengi ya Japani hutumia hesi ya inchi 1/8 ya mtindo wa Uingereza, yenye meno 28 kwa inchi. Mengi ya Marekani hutumia inchi 1/8 yenye meno 27. Na ya Ulaya mara nyingi hutumia M10 × 1, yaani kipenyo cha milimita 10 na meno yanayopishana kwa milimita 1. Zote zina kipenyo cha karibu milimita 10 na kwa macho zinafanana kama mapacha. Isiyo yake inaweza kuingia raundi mbili tatu kwa vidole kisha ikakaza, na anayelazimisha kwa spana hukata hesi za bloku, hasara isiyolingana kabisa na bei ya sensa.

Hesi iliyochongoka kuelekea mbele huziba kwa kujibana, na inahitaji gundi kidogo ya hesi, ukiacha meno mawili ya kwanza bila kupakwa. Tepu nyeupe ya mabomba siipendi hapa: vipande vyake huweza kukatika na kuingia kwenye njia ya oili, na ikizungushwa nyingi huikatisha sensa na chuma cha bloku, ambacho ndicho ethi yake, yaani njia ya kurudishia umeme. Hesi iliyonyooka yenye washa ya shaba au alumini haihitaji gundi. Inahitaji washa mpya. Anza kuifunga kwa vidole, kisha malizia kwa spana kwa nguvu ndogo. Kipimo cha viwandani cha nguvu ya kukazia mara nyingi huwa kati ya nyutoni-mita 10 na 25, kiasi ambacho mkono uliozoea nati za magurudumu hukipita bila kutambua.

Rudisha plagi na betri, futa oili iliyodondoka, hasa iliyogusa bomba la ekzosi, ili moshi wake usije ukakutisha, kisha piga stata. Taa izimike ndani ya sekunde chache. Mulika tochi kwenye sensa injini ikiwa baridi na tena ikishapata joto, na ukiona unyevu, zima na ukaze kidogo tu. Pima oili na uongeze iliyopungua.

Taa ikibaki inawaka na sensa mpya ikiwa mahali pake, zima injini na usiende kununua sensa ya tatu. Rudi kwenye geji ya mkono. Presha ikiwa ndogo kweli, kinachofuata kuchunguzwa ni chujio la sampo lililozibwa na tope la oili, pampu iliyochoka, beringi zilizolika, au oili iliyochanganyika na petroli, na gari lifike kwa fundi likiwa limevutwa.