Milio ya tik-tik unaporekodi kwa miksa ya USB kwenye Linux: namna ya kutafuta chanzo na kukiondoa

Miksa ndogo yenye USB humfaa sana mtu anayerekodi kwaya, mahojiano au vipindi vya mtandaoni, kwa sababu maikrofoni kadhaa huingia kwenye kifaa kimoja na sauti yote ikapelekwa kwenye kompyuta kwa waya mmoja. Kwenye Linux kifaa cha namna hii kwa kawaida hakihitaji draiva ya kusakinisha, maana kerneli, yaani kiini cha mfumo, hukihudumia kwa moduli yake ya snd-usb-audio. Kero huanza pale rekodi inaposikika safi kwa dakika nzima, kisha ukasikia mlio mfupi wa tik katikati ya neno, na baada ya muda ukausikia tena, bila utaratibu unaoeleweka. Wengi hukimbilia kubadilisha mipangilio ovyo, au kununua miksa nyingine, kabla ya kujua mlio umezaliwa wapi. Kulijua hilo ndiyo kazi ya kwanza, kwani dawa ya waya mbovu haimsaidii mtu ambaye kompyuta yake ndiyo inayochelewa.

Anza na rekodi yenyewe. Ifungue kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, tafuta mahali penye mlio, kisha kuza mpaka uone vidoti vya sampuli moja moja, yaani vipimo vidogo vinavyounda wimbi la sauti. Ikiwa vilele vya wimbi vimekatwa bapa juu na chini, sauti imepasuka kwa sababu geini, yaani kiasi cha kukuza sauti, ilizidi, na dawa yake ni kuipunguza kwenye miksa. Ikiwa unachosikia ni mngurumo mzito usiokoma, huenda ni umeme wa gridi, ambao Afrika Mashariki ni wa 50 Hz. Chomoa chaja ya kompyuta, utumie betri, usikilize kama unatoweka. Lakini ukiona mstari wa wimbi umeruka ghafla kutoka juu kwenda chini pasipo sampuli za katikati, au sampuli kadhaa zimelala kwenye sifuri katikati ya sauti, basi kuna sampuli zilizopotea njiani, na hilo ndilo tatizo tunalolishughulikia hapa.

Sampuli hupotea kwa njia mbili. Miksa nyingi za bei nafuu hutumia mwendo wa USB wa 12 Mbit/s, ambao hubeba pakiti moja ya sauti kila milisekunde 1; kwa kiwango cha 48000 Hz, kila pakiti ina sampuli 48 za kila chaneli. Pakiti za sauti hazitumwi mara ya pili zikiharibika, tofauti na data ya faili kwenye flashi, kwa hiyo hitilafu ndogo ya waya hula sampuli hizo moja kwa moja. Njia ya pili ni kompyuta kuchelewa kuchota sauti iliyokwisha kuwasili, na hapo kinachopotea kwa kawaida ni kirefu zaidi.

Ili kuzitenganisha njia hizo, rekodi moja kwa moja kutoka kwenye kifaa bila kupitia PipeWire, PulseAudio wala JACK, ambazo ni huduma zinazosimama kati ya kifaa na programu na kugawa sauti. Funga programu zote za sauti, subiri sekunde chache ili kifaa kiachiliwe, kisha andika kwenye terminali:

arecord -l
arecord -D hw:1,0 -f S16_LE -r 48000 -c 2 -d 600 jaribio.wav

Amri ya kwanza hukuonyesha namba ya kadi. Weka namba hiyo mahali pa 1. Amri ya pili ikikataa muundo au kiwango ulichotaja, soma faili la /proc/asound/card1/stream0, ambalo huorodhesha kila kitu ambacho miksa yako inakubali. Rekodi hiyo ni ya dakika 10, na wakati inaendelea tumia kompyuta kama unavyoitumia siku zote. Terminali ikiandika neno overrun, kompyuta ndiyo iliyochelewa. Ikiwa haikuandika kitu lakini milio ipo, shuku waya na poti. Ikiwa rekodi ni safi kabisa, tatizo liko kwenye tabaka la juu, yaani PipeWire, JACK au programu unayorekodia. Nashauri usiliruke jaribio hili hata kama unadhani umekwisha kujua chanzo, kwa sababu linaondoa nusu ya mambo ya kubahatisha.

Upande wa waya, amri ya lsusb -t huchora mti wa vifaa vyote vya USB pamoja na mwendo wa kila kimoja. Ukikuta miksa imekaa chini ya habu ileile yenye diski ya nje, kamera au simu inayochaji, ihamishie kwenye poti ya kompyuta yenyewe, ikiwezekana ya upande mwingine. Tumia kebo fupi isiyolegea, USB 2.0 imewekewa kikomo cha mita 5, na kebo za kuungaunga huleta shida hata kabla ya urefu huo. Acha journalctl -k -f ikiendelea kwenye dirisha la pembeni, uchezeshe plagi taratibu: ujumbe wa kifaa kukatika na kuunganishwa upya ukijitokeza, umempata mkosaji. Kama mlio unatokea mwanzoni tu mwa rekodi, basi huenda kifaa kilikuwa kimelazwa ili kuokoa umeme, jambo linalowapata hasa watumiaji wa powertop, zana ya kupunguza matumizi ya umeme, walioiendesha kwa --auto-tune. Kizuie kisilale kwa amri hii, ukibadilisha 1-2 kulingana na mahali miksa ilipo:

echo on | sudo tee /sys/bus/usb/devices/1-2/power/control

Jambo linalotatua kesi nyingi zaidi ni bafa. Bafa ni kama ndoo iliyokingwa chini ya bomba: miksa hujaza bila kusimama, na programu lazima ije kuimwaga kabla haijafurika. Bafa ya sampuli 256 kwa 48000 Hz hujaa kwa milisekunde 5.3 tu, kompyuta ikishughulika na kitu kingine kwa muda mrefu zaidi ya huo, sauti inamwagika. Wanamuziki hutumia bafa ndogo kwa sababu wanajisikiliza kupitia kompyuta na hawataki sauti iwarudie kwa kuchelewa. Mwenye miksa hana sababu hiyo. Hedifoni zikichomekwa kwenye miksa, unajisikia kutoka kwenye miksa yenyewe kabla sauti haijafika kwenye USB, na ukubwa wa bafa haubadilishi chochote masikioni mwako. Kwa hiyo usiwe bahili nayo. Sampuli 2048 ni takriban milisekunde 43, muda unaoitosha hata kompyuta ya zamani. Kwenye mifumo inayotumia PipeWire, kama Fedora tangu toleo la 34 na Ubuntu tangu 22.10, andika:

pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 2048

Ukimaliza, irudie amri hiyo ukiweka 0 mahali pa 2048, mfumo ujichagulie tena. Kwa JACK, iwashe kwa -p 1024 -n 3. Namba 3 huongeza kipande kimoja cha akiba, nacho husaidia sana vifaa vya USB. Ukijisikia mara mbili, ya pili ikichelewa, zima usikilizaji wa ndani ya programu na ubaki na ule wa miksa.

Sasa fungua pw-top, amri inayoonyesha hali ya PipeWire, uanze kurekodi. Tafuta mstari wenye jina linaloanza na alsa_input.usb, uangalie safu ya ERR, inayohesabu makosa. Namba hiyo ikitulia, hali ni njema. Ikipanda, angalia ni nini kilichotokea wakati huohuo: umefungua kivinjari, umehamisha faili kubwa, au Wi-Fi imetafuta mitandao? Kwenye safu za QUANT na RATE, hakikisha bafa ni ile uliyoiagiza na kiwango ni kilekile cha mradi wako, ili mfumo usilazimike kubadilisha viwango bure. Hakikisha pia kwamba sauti inaingia na kutoka kwa miksa ileile. Ukirekodi kwa miksa na kusikiliza kwa spika za kompyuta, unaendesha saa mbili za kielektroniki ambazo haziendi sawasawa kamwe, na tofauti hiyo hujilimbikiza mpaka sampuli zinazidi au zinapungua.

Kama kompyuta inaendelea kuchelewa hata kwa bafa kubwa, pima kipaumbele chake kwa ulimit -r. Ikijibu 0 na unatumia JACK, weka mistari hii miwili kwenye /etc/security/limits.d/audio.conf, ujiongeze kwenye kundi la audio, utoke na uingie upya:

@audio - rtprio 95
@audio - memlock unlimited

Kisha zuia kichakataji kisipunguze mwendo wakati wa kazi kwa sudo cpupower frequency-set -g performance, na uzime Wi-Fi kwa rfkill block wifi. Kerneli ya PREEMPT_RT, iliyotengenezwa kwa kazi zisizovumilia kuchelewa, ambayo iliingizwa rasmi kwenye Linux 6.12 mwaka 2024, ni chombo kizuri, ila kwa rekodi ya bafa kubwa sioni haja ya mtu kujisumbua nayo.

Rekodi iliyokwisha kuharibika inaokolewa kwa sehemu tu. Zana ya Repair ya Audacity huziba eneo lisilozidi sampuli 128, hivyo pengo la pakiti moja au mbili linaweza kufichika vizuri ukichagua sampuli chache kila upande. Pengo refu zaidi ya hapo limeondoka na silabi yake. Kama ni mahojiano, omba sentensi hiyo irudiwe mhojiwa akiwa bado amekaa mbele ya maikrofoni.