Jinsi ya Kusawazisha Silaha za Uchawi katika Dungeons & Dragons

Mwongozo huu ni wa msimamizi anayeongoza toleo la tano la mchezo huu wa kuigiza wahusika kwa dadu, kwa kanuni za mwaka 2014, na anayetaka kuwagawia wachezaji silaha za uchawi bila mmoja kugeuka shujaa na wenzake kubaki watazamaji. Mimi mwenyewe niliwahi kumpa mpiganaji wa ngazi ya 5 upanga uwakao moto, kwa kuwa kanuni zinauweka katika daraja la “adimu” tu, na baada ya vikao viwili wachezaji wengine walikuwa wakichezea simu zao.

Hatua ya 1: Pata kipimo cha kuanzia

Kokotoa kwanza madhara anayoleta mhusika kwa raundi moja akiwa na silaha ya kawaida. Mpiganaji wa ngazi ya 5 mwenye nyongeza ya 7 katika kushambulia, akikabiliana na adui mwenye kiwango cha ulinzi cha 15, hufanikiwa pale dadu ya pande 20 inapoonyesha 8 au zaidi, yaani asilimia 65 ya mara zote. Upanga mrefu hutumia dadu ya pande 8, ambayo wastani wake ni 4.5, na nguvu za mwili wake zinaongeza 4. Kwa hiyo kila pigo linalompata adui huleta 8.5. Zidisha kwa 0.65, kisha kwa mashambulizi yake mawili, utapata takriban 11. (Mapigo ya dadu kuangukia 20, ambayo hurudufisha dadu za madhara, nimeyaacha makusudi, kwa kuwa hayabadilishi sana hesabu.) Mjanja wa ngazi hiyohiyo, mwenye upanga mfupi na nyongeza zilezile, ambaye hushambulia mara moja tu lakini kwa kuvizia (kunakomwongezea dadu tatu za pande 6), hufikia 11.7. Wawili hawa wanalingana, na ulinganifu huo ndio unaopaswa kuulinda.

Hatua ya 2: Pima uchawi wenyewe, usiliamini daraja lake

Rudia hesabu hiyo kwa kila silaha unayoifikiria. Upanga wa +1, yaani unaoongeza 1 katika kushambulia na 1 katika madhara, unampandisha mpiganaji hadi 13.3, wa +2 hadi 15.75, na wa +3, ambao ni “adimu sana”, hadi 18.4. Upanga wa moto hauongezi uwezekano wa kumpata adui, lakini kila pigo linalofika hubeba dadu mbili zaidi za pande 6, ambazo wastani wake ni 7, na jumla inakuwa 20.15. Silaha ya daraja la chini inaipita ya daraja la juu! Ukiunganisha +1 na moto huo katika upanga mmoja, kama wasimamizi wengi wanavyopenda kufanya wanapobuni silaha zao, unafika 23.1, zaidi ya maradufu ya ulikoanzia.

Hatua ya 3: Chagua kizuizi kinachofanya kazi

Sharti la mhusika kujifungamanisha na silaha, ambapo kila mmoja ana nafasi 3 tu za vitu vya namna hiyo, halizuii chochote katika ngazi za chini, kwa sababu hakuna aliyekwisha kupata vitu vitatu. Aina ya madhara inasaidia zaidi: adui anayestahimili moto hupunguza nusu ya zile 7, na joka jekundu halidhuriki nao kabisa. Hata hivyo, usijaze kila pango maadui wasioungua, kwani mchezaji atatambua kuwa unamwandama.

Kizuizi ninachokipendelea ni idadi ya matumizi. Tuseme siku ya safari ina mapambano 4 ya raundi 3, ambayo ni mashambulizi 24 na mapigo yapatayo 15.6, moto usio na kikomo utaongeza madhara 109. Upanga wenye matumizi 3, yanayorejea kila alfajiri na kutumika baada ya pigo kumpata adui, utaongeza 21 tu, na mchezaji atalazimika kuamua ni adui yupi anayestahili.

Hatua ya 4: Rekebisha waziwazi

Ukigundua kosa baada ya silaha kutolewa, zungumza na mwenye nayo kabla ya kikao kijacho, umwonyeshe hesabu, na umpe nafasi ya kuchagua kati ya kubaki na moto wenye matumizi 3 na kuubadilisha upanga uwe wa +1. Wangu alichagua moto.