Jinsi ya Kuandaa Maombi ya Tuzo kwa Kikundi cha Utafiti wa Bayomateria Endelevu

Vikundi vingi vya vyuo vikuu vinavyotengeneza vibao, vifungashio au nyuzi imara kutokana na mkonge, pumba za mpunga na migomba huanza kufikiria tuzo siku tangazo linapotoka, na muda mfupi unaobaki huishia katika kutafuta picha, sahihi na takwimu ambazo zilipaswa kuwekwa pamoja tangu majaribio ya kwanza. Mwongozo huu unawahusu wakuu wa vikundi hivyo, na unatilia mkazo kazi inayotangulia tangazo, kwa kuwa waamuzi hupima ushahidi, nao ushahidi haupatikani kwa wiki moja.

Amueni kwanza ni kitu gani hasa mnachotaka kitambuliwe, kwa sababu tuzo hazifanani. Marcus Wallenberg, tuzo ya Uswidi inayohusu sayansi ya misitu na mazao yake, ilitolewa mwaka 2015 kwa Akira Isogai, Yoshiharu Nishiyama na Tsuguyuki Saito kwa sababu ya njia ya kikemia inayowezesha kutenganisha nyuzi nano, yaani nyuzi nyembamba mno, za selulosi ya mti kwa nishati ndogo. Kilichotuzwa pale ni mbinu iliyochapishwa na kuthibitishwa kwa miaka. Mwaka huohuo Chuo cha Uhandisi cha Kifalme cha Uingereza kilimpa Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, tuzo ya kwanza ya ubunifu wa kihandisi Afrika, yenye thamani ya pauni 25,000, kwa chujio la maji linalotumia nanoteknolojia, na hapo bidhaa pamoja na uwezekano wa kuifikisha kwa watu ndivyo vilivyotazamwa. Nchini Tanzania, Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yaani MAKISATU, yamekuwepo tangu 2019 na yana nafasi ya vyuo vikuu. Tuzo za Kwame Nkrumah za Umoja wa Afrika humtambua mwanasayansi mmoja mmoja, kwa hiyo hazifai kubeba jina la kikundi, ingawa zinaweza kumfaa kiongozi wake. Mtafiti wa kike aliye katika uzamivu aangalie pia mpango wa L'Oréal na UNESCO kwa wanawake katika sayansi. Tuzo moja inayolingana na kazi yenu ina faida kuliko maombi matano yenye maandishi yaleyale.

Sehemu inayostahili muda mrefu zaidi ni neno "endelevu" lenyewe, kwa kuwa ndilo waamuzi wenye ujuzi hulichunguza kwanza. Tuchukue mfano wa kikundi kinachotengeneza vibao vya dari kutokana na singa, yaani nyuzi, fupi za mkonge wa Tanga. Singa ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi, na sehemu kubwa inayobaki hutoka kwenye korona, mashine ya kutenganisha singa na jani, ikiwa maji na majimaji ya nyama ya jani. Kwa hiyo hoja ya kutumia kinachotupwa ina uzito wa kweli, na inapaswa kuandikwa pamoja na kiasi mlichokipima wenyewe kiwandani. Lakini ikiwa kibao kimeunganishwa kwa gundi ya fenoli au poliesta, ambayo haiozi, hamwezi kusema kwamba kibao chote kinaoza, hata kama singa zake zinaoza. Kipande kilichofukiwa bustanini na kupigwa picha baada ya miezi kadhaa kinaonyesha kumeguka tu. Kiwango cha Ulaya cha EN 13432, kinachotumika kwa vifungashio vinavyokusudiwa kugeuka mboji, kinadai asilimia 90 ya kaboni igeuke kaboni dayoksaidi ndani ya miezi 6, na kipimo hicho hufanywa maabara kwenye joto la nyuzi 58 hivi, ambalo udongo wa kawaida haulifikii. Kama hamjafanya kipimo hicho, andikeni mlichokiona na muache neno "kuoza" lisubiri. Waamuzi huheshimu mpaka uliochorwa wazi.

Jambo hilohilo linahusu tathmini ya mzunguko wa maisha ya bidhaa, yaani hesabu ya mzigo wake kwa mazingira tangu malighafi, chini ya viwango vya ISO 14040 na 14044. Elezeni hesabu yenu inaanzia shambani au kwenye lango la korona, na msiache nje sodiamu haidroksaidi mnayooshea singa wala maji ya kuisuuza, maana hapo ndipo mzigo wa mazingira hujificha. Katika vipimo vya nguvu, tajeni idadi ya sampuli, tofauti kati yake, na unyevu wa chumba: singa hunyonya maji hewani, na sampuli iliyokaa wazi katika hewa ya Tanga haiwezi kulinganishwa na iliyokaa Dodoma kabla zote mbili hazijawekwa kwenye hali moja, ambayo kwa kawaida ni nyuzi joto 23 na unyevu wa asilimia 50.

Kisha kuna suala la majina. Kaeni pamoja kabla ya kujaza fomu, muandike nani alibuni wazo, nani aliendesha mashine, nani alichambua takwimu na nani aliandika; mfumo wa CRediT wenye majukumu 14, unaotumiwa na majarida mengi, unasaidia sana. Fundi sanifu wa maabara aliyejua kwa mkono lini kikandamizaji kimepoteza joto ana haki ya kutajwa, na kumwacha nje ni dhuluma ambayo kikundi hubaki nayo muda mrefu. Kubalianeni pia kwa maandishi fedha zitagawanywaje, wakati ambapo hakuna fedha ya kugombaniwa.

Kabla ya kupanga bidhaa kwenye meza ya maonyesho, ulizeni kurugenzi ya utafiti kama kuna kinachostahili hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Kuonyesha au kuchapisha mapema kunaweza kuondoa sifa ya upya, na ombi hupelekwa kwenye ofisi ya usajili: BRELA kwa Tanzania Bara, KIPI kwa Kenya, au ARIPO kwa nchi kadhaa kwa pamoja.

Katika andiko lenyewe, epukeni sentensi kama "tumeleta mapinduzi katika ujenzi". Semeni: "Tumetengeneza ubao wa dari kwa singa zilizokuwa zikitupwa, tumeupima kwa kukunjwa na kwa moto, na fundi seremala ameufunga kwenye chumba kinachotumika." Barua ya mapendekezo iombwe mapema, ikiambatana na muhtasari wa ukurasa mmoja, na angalau moja itoke nje ya chuo; meneja wa shamba aliyewapa mabaki anaweza kushuhudia jambo ambalo profesa hawezi.

Matokeo yakitoka, msiposhinda, ombeni maoni ya waamuzi kwa barua fupi yenye adabu na muyaweke kwenye jalada lilelile la ushahidi. Mkishinda, ombeni nakala ya cheti kwa kila aliyetajwa, fundi sanifu akiwemo, kwa sababu nakala hiyo ataihitaji kwenye jalada lake la kupandishwa daraja.