Namna ya Kupanga Safari ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani

Anayetaka kuizuru Saadani, hifadhi ya Tanzania ambako nyika inakutana moja kwa moja na Bahari ya Hindi, na aanze kwa kutazama kalenda. Masika, kati ya Machi na Mei, huugeuza udongo mweusi wa mfinyanzi kuwa utelezi unaonasa hata magari yenye nguvu, kwa hiyo miezi ya Juni hadi Septemba, wakati kusi inavuma na nyasi zimekauka, ndiyo inayofaa zaidi. Joto na unyevu wa pwani havikosekani hata hivyo. Beba maji ya kutosha na nguo nyepesi.

Tenga asubuhi nzima kwa safari ya boti katika Mto Wami, kwani hapo ndipo utajiri wa hifadhi unapojidhihirisha: viboko hujazana majini, mamba huota jua kingoni, na kadiri boti inavyokaribia bahari, ambako maji matamu huchanganyika na ya chumvi, mikoko huchukua nafasi ya miti ya nchi kavu na ndege wa pwani huongezeka. Jioni zunguka nyikani kwa gari kuwatafuta twiga, kongoni, kuro na ngiri. Simba na tembo wapo, ila usiwape dereva na mwongozaji sharti la kuwaona.

Ufukweni Madete hutaga kasa. Usiwamulike tochi wala kugusa mayai yao.