Kusaka gemu za zamani minadani, Mtwara na Lindi

Mashine ya gemu iliyotandazwa kwenye turubai ina bei mbili: ya kizima na ya kibovu. Muuzaji ataanza na ya kwanza. Wewe shikilia ya pili mpaka iwake mbele ya macho yako. Mnada wa wilayani hukunjwa jioni ileile, na kutoka Lindi mjini hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo nauli ya kurudisha PS2 (PlayStation 2) iliyokufa inaweza kuzidi hata ulichopunguziwa.

Wakati nao una bei yake. Korosho zikianza kuuzwa Oktoba, pesa inazunguka Newala, Tandahimba na Masasi, na hapo hakuna anayekubali kushusha. Nunua msimu ukishapoa. Kabla ya mnadani, pitia vibanda vya gemu vya mtaani: mwenye kibanda akihamia PS4, zile PS2 hukaa uvunguni zikisubiri mtu wa kuziuliza. Na kwenye mitumba usiishie kwenye meza za redio. Pekua pia viroba vya midoli, maana Game Boy, gemu ya mkononi ya Nintendo, machoni pa asiyeijua ni mdoli tu.

Beba betri nne za AA na mbili za AAA, pedi ya PS2 unayoiamini, waya wa AV, waya wa umeme wa redio wenye matundu mawili, bisibisi ndogo ya nyota, pamba na spiriti ya duka la dawa. Ongeza diski mbili za PS2 usizozionea uchungu: moja orijino, moja ya kopi. Mnadani umeme ni wa kuomba, basi zungumza mapema na kinyozi au fundi wa karibu mwenye TV, umpe chochote. TV ya chogo ndiyo bora, kwa sababu baadhi ya flati mpya hazina matundu ya AV.

Kabla ya kuwasha mashine, igeuze. Pwani hii chumvi haimwachi mtu: kutu kwenye skrubu za chini na ukoko wa kijani kwenye matundu ya AV vinakuambia ndani kukoje. Itikise polepole usikie kama kuna kinachogonga. Inuse pia, mende wanapenda joto la mashine na harufu yao haijifichi.

Kisha, kwa PS2, soma namba ya modeli inayoanza na SCPH. Tarakimu ya mwisho ndiyo yenye habari: 0 ni ya Japani, 1 ya Marekani, 3 ya Uingereza, 4 ya Ulaya bara. Ya 3 au 4 imetengenezwa kwa umeme kama wetu. PS2 nene ya Japani inataka volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230, pawasaplai inaungua hapohapo, na muuzaji atasema umeiharibu wewe. PS2 nyembamba nyingi hutumia adapta ya nje: upande wa kutoa isomeke 8.5V, na upande wa kuingiza 100–240V. Ikiandikwa 100V au 120V pekee, hesabu na gharama ya transfoma ya kushusha umeme. Adapta ya volti 12 ya redio usiijaribu, hata tundu likikubali.

Ikiwaka, anza na diski orijino, ya eneo lilelile la mashine. Ikicheza hiyo ikakataa ya kopi kwa skrini nyekundu, lensi ni nzima. Mashine haijachipiwa tu, yaani haina chipu ya kuiruhusu isome kopi. Ikikataa zote mbili, lensi imechoka au ni chafu. Kuna mtego hapa: lensi ya PS2 hutumia mwanga mmoja kwa CD na mwingine kwa DVD, na mmoja unaweza kufa mwingine ukabaki. Diski za PS2 zenye tumbo la bluu ni CD, za fedha ni DVD. Anayekuonyesha muziki wa CD ukiimba hajakuthibitishia kitu kuhusu DVD. Iache icheze dakika 15, ipate moto, kisha toa diski uitazame. Ukiona duara jipya lililochorwa, utepe wa lensi umeinuka na unakwaruza. Ugonjwa huo ni wa zile nyembamba za mwanzo.

Fundi akisema ataongeza nguvu ya lensi kwa kuzungusha kile kiskrubu kidogo, kataa. Inaweza kusoma kwa muda, halafu ikafa moja kwa moja.

Mashine isiyosoma diski si ya kutupa. Yenye memori kadi iliyowekewa programu za Free McBoot (ya kuwashia) na OPL (ya kuendeshea gemu) itacheza gemu kutoka kwenye flashi (PS2 nyingi za mwisho kabisa, za namba 9000x, huikataa Free McBoot). Tundu lake la USB ni la 1.1, polepole sana, kwa hiyo video zitakwamakwama. Hilo si kosa la mashine. Ichukue kwa bei ya kibovu: “Mjomba, hii haisomi diski, nipe kama spea.”

Picha ikitoka nyeusi na nyeupe, usiitupe. Mara nyingi ni mfumo wa rangi wa NTSC (wa Marekani na Japani) kwenye TV ya PAL (mfumo wa huku kwetu). Badilisha mpangilio wa TV kwanza.

Diski ishike juani, upande wa maandishi ukikutazama. Nuru ikipenya kama matundu ya sindano, utando umekufa na hakuna kusafisha kutakakoufufua. Mkwaruzo wa kutoka katikati kwenda ukingoni mara nyingi unavumilika. Unaozunguka sambamba na mduara ndio mbaya. Kwa CD, ogopa zaidi mikwaruzo ya upande wa maandishi, kwani data imelala chini yake tu.

Game Boy ya kwanza hula AA nne, Pocket AAA mbili, Color na Advance AA mbili. Fungua mlango wa betri kabla ya yote. Unga mweupe ni betri iliyovuja: kidogo unatoka kwa pamba yenye siki kisha spiriti, ukishafika kwenye ubao achana nayo. Mistari ya wima iliyokufa kwenye kioo cha Game Boy ya kwanza mara nyingi hurudi kwa pasi ya kulehemu ikipitishwa taratibu kwenye utepe wake. Ya mlalo ni kazi nyingine.

Kaseti isiyowaka isafishe meno yake kwa pamba na spiriti, iache ikauke kabisa, ijaribu tena. Kuipuliza kwa mdomo kunaingiza unyevu, na msasa unakwangua dhahabu. Kaseti iliyoandikwa gemu 9999 ina gemu chache zinazojirudia kwa majina tofauti; lipa kwa hizo chache.